Nina madeni Uingereza, niko Mombasa naumwa: wakinitaka hata pauni 20 nitume?

Swali ni la dada mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale hapa Mombasa. Nimelifupisha na kutoa yanayoweza kumtambulisha:

"Assalaam aleikum kakangu. Nilikaa Leicester miaka 11 nikifanya kazi ya kuwatunza wazee. Mwaka wa mwisho niliugua, madaktari wakasema ni bipola, nikalazwa kwa lazima karibu mwezi, nilipotoka ndugu zangu wakanikatia tiketi nikarudi nyumbani, sasa ni miezi 20. Nimeacha madeni: kadi mbili za mkopo, moja pauni 4,200 na moja 2,900, overdrafti 1,200, kodi ya kaunsili 1,140 na simu 380. Ile kadi ya pili niliichukua nikiwa tayari naumwa, wiki tatu nilinunua vitu vingine hata sivikumbuki. Barua zinafika kwa binamu yangu huko, anazipiga picha ananitumia wasapu, siku hizi sizifungui. Juzi mtu amenipigia akasema nitume hata pauni 20 kuonyesha nia njema la sivyo watakuja hapa kwa mamangu. Nikirudi nitashikwa eyapoti? Nyumba watachukua? Naogopa kufa na deni, na siku nyingine naona nisingekuwepo ingekuwa afadhali kwa kila mtu."

Waalaikum salaam dadangu, na pole sana. Nimeisoma msg yako mara tatu, na kabla sijagusa mambo ya pesa narudi kwa ule mstari wako wa mwisho manake umeuandika harakaharaka kama kitu kidogo na si kidogo. Nakuuliza wazi, kama ningekuuliza tumekaa barazani: unafikiria kujiua? Kama jibu ni ndio, au hata kama ni sijui, basi haya yote ninayoandika hapa chini yasubiri, hakuna deni hapa lisiloweza kungoja wiki mbili. Mwambie mamako au ndugu yako mmoja leo leo, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, alafu upige 1199, ni namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, kuna watu wa kukusikiliza. Na kliniki ya akili urudi, Coast General si mbali na kwenu, na Port Reitz ndo wenye wodi ya wagonjwa wa akili ya miaka mingi hapa pwani. Kuna watu wanaogopa kumwambia daktari jambo hili kwa sababu ya kile kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kushtakiwa, basi ujue Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kumwambia daktari ukweli hakukupeleki polisi.

Na kama nyumbani wanakupa kombe, yale maji ya aya, na kukusomea, vizuri, dua haina ubaya, mimi mwenyewe nasomewa nikiumwa. Lakini dawa za hospitali usiziache kwa sababu umesomewa. Hizo mbili hazigombani.

Sasa tuje kwa deni. Nilifanya kazi ya kuwashauri wenye madeni huko Uingereza miaka kadhaa kabla sijarudi, na watu wetu wa pwani niliowaona pale karibu wote walikuwa na woga mmoja ambao wametoka nao huku nyumbani, woga wa jela. Na wana haki kuogopa, kwetu hapa mtu aliyeshindwa kulipa baada ya hukumu anaweza kufungwa ile wanayoita civil jail mpaka miezi 6, sote tunamjua mtu wa mtaani aliyetishiwa nayo. Kule sivyo. Kadi ya mkopo, overdrafti (ile ya kutoa benki zaidi ya ulichonacho), bili ya simu, hayo ni madeni ya madai, hakuna polisi anayeyashughulikia na hakuna jela yake. Afisa wa uhamiaji pale Heathrow akiskani pasi yako anaangalia ruhusa yako ya kuingia na kama unatafutwa na polisi, haoni kadi yako ya benki wala hajali. Kwa hiyo kwa deni la kadi, overdrafti na simu jibu la eyapoti ni hapana, hushikwi. Kodi ya kaunsili, ile ushuru wa serikali ya mtaa kwa mkaazi wa nyumba, niiache kidogo, ina mambo yake, ntaifikia.

Hizi pauni 20 ndizo zimenifanya nikuandikie jibu refu hivi. Usizitume. Sio kwa sababu hudaiwi, unadaiwa, na sikwambii uwe mjanja. Nakwambia hivyo kwa sababu deni la England na Wales lina saa yake na wewe hujui saa hiyo inasoma ngapi. Kuna sheria yao ya mwaka 1980, Limitation Act, inasema deni la kawaida la mkataba kama kadi au overdrafti, anayekudai ana miaka 6 ya kwenda kotini. Kwa kadi za mkopo saa haianzi siku uliyokopa wala siku uliyopanda ndege, kwa kawaida inaanza pale notisi ya kushindwa kulipa waliyokutumia ilipomaliza muda wake, Mahakama ya Rufaa ya kule iliamua hivyo mwaka 2019. Kwa hali yako pengine ilianza miezi michache baada ya wewe kuondoka. Sasa sikiliza vizuri hapa: ukilipa hata pauni 1 kabla ya hiyo miaka 6 kwisha, saa inarudi sifuri na miaka 6 inaanza upya. Ukiandika barua au hata imeili yenye jina lako ukasema "ndio nadaiwa na nitalipa", hivyo hivyo. Maneno ya mdomo kwenye simu hayahesabiki, kwa hiyo kama juzi ulisema "inshallah nitalipa" usijitese roho, hukuharibu kitu. Ila kama kesi imeshafunguliwa na hukumu imetoka, hiyo hesabu ya miaka 6 haikusaidii tena kwa deni hilo, na ndo maana zile picha za wasapu lazima zifunguliwe, ntakwambia nani azifungue.

Sasa mtu anayetaka "kidogo tu kuonyesha nia njema" anakuwa anajua hiyo hesabu? Wengine wanaijua vizuri sana. Wengine ni vijana wa kolisenta wanasoma karatasi waliyopewa. Na wengine, dadangu, si wadai kabisa, ni matapeli, nimeona mtu wa Likoni ametumiwa msg za wasapu zenye nembo ya korti ya Uingereza akalipa kwa M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi. Kampuni ya kweli, hata kama imenunua deni lako kutoka benki na hilo ni jambo la kawaida sana kule, haitakataa kukuandikia: deni la nani, akaunti gani, walilinunua lini, mizania ni ngapi. Akipiga tena mwambie maneno haya tu, "niandikie, mimi ni mgonjwa, sizungumzi mambo ya pesa kwa simu," kisha kata. Usimthibitishie anwani, usimwambie mamako anaitwa nani. Na kwa kadi za mkopo una haki ya kuomba nakala ya mkataba wenyewe kwa pauni 1, sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974, wakishindwa kuitoa hawawezi kulazimisha deni hilo kotini mpaka waitoe. Hiyo pauni 1 ni ada ya nakala, andikeni wazi kwenye barua kwamba si malipo ya deni.

Kuhusu kuja kwa mamako. Nyumba ya mamako si yako, na deni lako si lake, hakusaini popote. Mtu hawezi kutoka Leicester na barua akabisha mlango Kibokoni kuchukua sofa. Ukweli kamili ni kwamba sheria ya kuleta hukumu ya nje hapa Kenya ipo, Foreign Judgments (Reciprocal Enforcement) Act, na Uingereza ni mojawapo ya nchi zilizo kwenye orodha pamoja na majirani zetu Tanzania na Uganda. Lakini kwanza awe na hukumu, kisha aisajili Mahakama Kuu ya hapa ndani ya miaka 6, aweke wakili, na wewe ukiwa hukupata habari ya kesi kule kwa wakati wa kujitetea una haki ya kuomba usajili huo ufutwe. Kwa pauni 2,900 nani atafanya kazi hiyo? Katika miaka yangu yote sikuona hata mmoja aliyefuatwa Kenya namna hiyo kwa deni la kadi. Ningekuwa nakudanganya nikisema haiwezekani, lakini usilale macho kwa ajili yake.

Lakini nyumba ina swali lingine ambalo wewe hukuliona na mimi nimeliona kwa sababu ya neno Kibokoni. Nyingi ya nyumba za Mji wa Kale ni za marehemu baba au babu na mirathi haijagawanywa, watu wamekaa tu, huyu ghorofa ya juu huyu chini. Je, hiyo nyumba ni ya mamako kweli au ni ya marehemu babako na nyinyi watoto mna mafungu ndani yake? Uliza, taratibu, bila kuzusha fitina. Nakuuliza kwa sababu ukipiga simu Uingereza kwa washauri wa bure wa madeni, StepChange au National Debtline, na nataka upige au ndugu yako apige, kuna uwezekano wakutajie kitu kinaitwa Debt Relief Order, kwa kifupi DRO. Hiyo ni njia ya kisheria ya kufuta madeni kwa mtu asiye na kitu: madeni yote yasizidi pauni 50,000, kinachobaki kwenye mapato yako kwa mwezi baada ya matumizi kisizidi pauni 75, mali isizidi pauni 2,000, na tangu Aprili 2024 haina ada. Unakaa mwaka mmoja hakuna anayeruhusiwa kukufuata, alafu yanafutwa, na kodi ya kaunsili ikiwa ndani. Na watu wengi hawajui hili, hata walio nje wanaweza kuomba kama walikuwa wakiishi England au Wales wakati wowote ndani ya miaka 3 iliyopita. Wewe uko miezi 20. Mlango bado uko wazi, una miezi 16.

Sasa mali hiyo wanahesabu ya dunia nzima. Fungu lako kwenye nyumba ya marehemu babako, hata kama halijagawanywa, hata kama kadhi hajaandika kitu, ni haki yako na unatakiwa kuitaja. Fungu la binti kwenye nyumba ya Mji wa Kale huenda likapita pauni 2,000 kwa urahisi, na likipita DRO hutapata. Na ukificha ukapata, ni kosa la jinai, hapo ndo sasa utakuwa umejitafutia matatizo ya kweli na polisi ambayo leo huna. Kuna ndugu anaweza kukwambia "nenda bankrapsi basi", yaani utangazwe umefilisika, na hiyo pia mlango wake ni huo huo wa miaka 3 na ada yake ni pauni 680, lakini kule anateuliwa mtu wa kukusanya mali zako na fungu lako la urithi linakuwa halali kwake kulidai. Kuwaingiza ndugu zako na mamako kwenye kesi ya nyumba ya urithi kwa ajili ya deni la karibu pauni elfu 10 mimi siwezi kukushauri hivyo hata kidogo. Kama nyumba ni ya mamako tupu, ameinunua mwenyewe na hati ina jina lake, basi wewe huna fungu, na DRO naiona ndo njia yako bora kuliko zote, ianze kabla miezi hiyo haijakwisha. Kwa hiyo jibu la swali moja la nyumbani linageuza ushauri wangu wote. Liulize hilo kwanza.

Haya, kodi ya kaunsili. Hili ndo deni la kushughulikia mbele ya mengine, na uzuri wake ni kwamba huenda nusu ya hiyo 1,140 si yako. Mtu akihama kule wajibu wake wa kodi hiyo kwa kawaida unakwisha siku aliyotoka nyumba ile, lakini kaunsili isipoambiwa inaendelea kuandika tu kwa jina lake. Wewe ulitoka hospitali ukapandishwa ndege, nani aliwaambia? Tafuta tarehe ya kukabidhi nyumba, karatasi ya mwenye nyumba, boding pasi au stampu ya pasi, binamu awapelekee na kuomba wahesabu upya. Pia kuna nafuu ya kodi hiyo kwa mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa akili wa kudumu, inahitaji cheti cha daktari na uwe ulistahili aina fulani ya msaada wa serikali wakati huo, inawezekana kurudishwa nyuma, sijui kama wewe unaingia lakini waulizwe. Kwa nini kwanza? Kwa sababu kwa England, deni la kaunsili peke yake katika haya yako matano lina mlango wa korti ya mahakimu na kinadharia kifungo mpaka miezi 3 kwa mtu aliyekataa kulipa makusudi au kwa uzembe mkubwa, na korti ikikuita kueleza hali yako ukakosa kwenda inaweza kutoa hati ya kukuleta. Mgonjwa aliyelazwa kisha akahama nchi hakatai makusudi, na ni jambo la nadra sana, lakini linatatuliwa kwa kuandika mapema na ndo maana sitaki ulinyamazie.

Kadi ya pili. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nadhani una haya nalo kuliko mengine yote, nimeona ulivyoliandika, "vitu hata sivikumbuki." Kununua bila breki ni dalili inayojulikana ya bipola mtu akiwa amepanda, yaani akili inakwenda mbio, iko kwenye vitabu vya madaktari, haina tofauti na homa kwa mwenye malaria. Kisheria, kusema tu "nilikuwa mgonjwa" hakufuti mkataba, inabidi ionekane kwamba mkopeshaji alijua au alitakiwa kujua kwamba huna uwezo wa kuamua wakati ule, na kwa mkopo wa kubofya mtandaoni hilo ni gumu. Lakini mlango wa malalamiko ni mpana kuliko wa korti. Je waliangalia kipato chako? Ulikuwa tayari umeshindwa kulipa kadi ya kwanza na bado wakakupa? Matumizi ya wiki tatu yalikuwa tofauti kabisa na miaka yako yote na hakuna aliyeuliza? Unalalamika kwao kwa maandishi, wana wiki 8 za kujibu, usiporidhika una miezi 6 kutoka jibu lao la mwisho kupeleka kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko ya benki na mikopo, bure, hakuna wakili, na unaweza kufanya ukiwa hapa hapa Mombasa.

Na kwa zote nne, kadi mbili, overdrafti na simu, iende barua moja fupi ya ugonjwa. Kule kampuni za mikopo, yaani kwa zile kadi na overdrafti, si ya simu, zina msimamizi wao, FCA, na kanuni zake zinasema wakijulishwa kwamba huenda mteja hana uwezo wa kiakili wa kuamua mambo ya pesa wasimamishe kumfuata. Sio fadhila, ni kanuni. Barua iseme: mimi ni fulani, akaunti namba hii, naishi Kenya, anwani yangu ni sanduku la posta hili, nina ugonjwa wa akili na nilikuwa nimelazwa tarehe hii mpaka hii, naambatisha barua ya daktari, naomba msimamishe riba, ada na simu, msizungumze nami kwa simu, na barua hii si kukiri deni lolote. Hayo maneno ya mwisho msiyasahau kwa sababu ya ile saa. Barua ya daktari iandikwe na daktari wako wa hapa kwa Kiingereza, mistari kumi inatosha: ugonjwa gani, tangu lini, unavyoathiri kushughulikia pesa na barua. Karatasi za hospitali ya kule uliyolazwa waweza kuziomba mwenyewe kwa imeili, ni haki yako bila malipo na kwa kawaida wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Nimeona kampuni zikifuta deni lote baada ya kupata barua kama hiyo, na nimeona nyingine zikijibu kwa barua ile ile ya vitisho kama hazikusoma, hizo ndo za kulalamikiwa. Wakitaka mpango wa malipo, jibu la sasa ni kwamba huna kipato, kwisha. Siku ukipona na ukapata kazi utaamua mwenyewe ukiwa na akili timamu na daftari mbele yako.

Utaambiwa pia na watu wa kule kuhusu Breathing Space, mapumziko ya siku 60, na ile ya mgonjwa aliye kwenye matibabu ya dharura ya akili inayodumu muda wote wa matibabu na siku 30 juu. Ni nzuri sana, ilianza Mei 2021, lakini ni ya mtu anayeishi England au Wales. Wewe kwa sasa haikuhusu, usipoteze nguvu.

Nani afungue picha? Sio wewe. Chagua mtu mmoja, ndugu mtulivu, si yule wa kupiga kelele, umpe simu yako saa moja aketi nazo peke yake na daftari, aandike jina la kampuni, tarehe, na kama barua inataja korti. Akiona fomu ya madai kutoka County Court, korti yao ya madai, au neno CCJ, yaani hukumu ya korti hiyo, anikimbizie siku hiyo hiyo, kuna siku 14 tu za kujibu tangu kupokea madai, na kama hukumu imeshatoka kwa anwani ambayo hukai unaweza kuomba itenguliwe lakini ukichelewa hakimu atauliza kwa nini. Ndo maana nasema kwenye barua, si kwa yule wa simu, wapeni anwani ya Mombasa, watu wanaogopa kuitoa na kumbe inakulinda, mtu akishajua hukai tena Leicester hana sababu ya kutuma kesi kule na kujifanya umeipata. Na binamu yako mtoe hofu, mabeilifu, wale wa kukamata mali ya mdaiwa, wakija kwake hawana ruhusa ya kuchukua TV yake, aonyeshe tu kwamba hukai pale na vitu ni vyake, asiwafungulie mlango, azungumze nao dirishani. Umsainie karatasi ya kumruhusu kuzungumza kwa niaba yako, bila hiyo hawatamwambia kitu.

Kufa na deni. Mimi si shehe na siwezi kukupa fatwa, lakini hili nalijua kama unavyolijua, dini yetu inamtaka anayedai ampe muda aliye na dhiki, na wewe uko kwenye dhiki ya ugonjwa. Anayeogopewa ni mwenye uwezo anayezungusha watu. Ulichonacho mkononi leo ni kuandika: chukua karatasi, orodhesha madeni yote matano na ya hapa nyumbani pia kama yapo, uiweke na wasia wako, umwambie mtu mmoja iko wapi. Deni la maiti linatoka kabla urithi haujagawanywa, ndugu zako wanajua. Ukishaandika, umetimiza linalowezekana kwa sasa. Kumuuliza shehe unayemuamini kuhusu riba na asili ya deni ni vyema pia, ila nenda siku ambayo umelala vizuri.

Nimalizie na kitu ambacho hukuniuliza na ndo kinanisumbua mimi kuliko hizo pauni zote. Miaka 11 Leicester, kama ulichukua uraia na una pasi ya Uingereza basi ruka hapa. Lakini kama ulikuwa na ukaazi wa kudumu tu, ILR, ukaazi huo unakufa ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo. Miezi 24. Uko ya 20. Woga wa kushikwa eyapoti kwa deni ambalo halishiki mtu unaweza kukufanya ukae hapa mpaka ukapoteza kitu ulichokihangaikia miaka yote ile, na kukirudisha kunahitaji kuomba viza ya mkaazi anayerejea, kunagharimu na si hakika. Madeni ya kadi si sababu ya kukunyima. Wanachoangalia kwenye viza ni mambo kama bili zisizolipwa za NHS, hospitali za serikali za kule, za pauni 500 na zaidi kwa mtu aliyetakiwa kulipia matibabu, na mwenye ILR aliyekuwa akiishi pale hatozwi kwa kulazwa. Tena zile kadi za ukaazi za BRP nyingi ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, sasa ni eVisa, akaunti ya mtandaoni, na kama hukuifungua ndege inaweza kukukatalia hapo Moi. Safari yenyewe lazima daktari wako aseme uko sawa kusafiri na kuwe na mtu wa kukupokea, na zungumza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kule, si mtu wa mtaani anayejua jua. Huenda ukaamua kwamba hutaki kurudi, maisha yako ni hapa na mamako, sawa kabisa, lakini iwe ni wewe umeamua.

Kwa hiyo leo, baada ya kuzungumza na mamako lile la kwanza, fungua pasi utazame stampu ya siku uliyotoka, uhesabu siku zilizobaki, na hiyo tarehe ndo unitumie kwanza, kabla ya picha ya barua yoyote.